Usijikatizie somo

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu na dada zangu.

Wiki hii nilikuwa nimepanga tuendelee na subira ya Nabii Ayyub lakini wallahi moyo umekataa, kuna jambo limenikaa hapa kifuani tangu Jumatano na nikiandika jengine nitakuwa naandika tu mkono unatembea akili haiko. Mpwa wangu yuko atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ya mwanafunzi, kwa ofisi ya mawakili hapa Mombasa, yuasoma sheria mwaka wa tatu, mtoto mwerevu mashaallah, na Jumatano usiku kanipigia simu analia. "Mjomba, mimi pale sirudi." Nikamuuliza kwani kumetokea nini, ndo akanieleza kwamba alipewa kuandika drafti ya hati ya kiapo (maelezo ya klayenti anayoyaapia kwa ajili ya kesi), akaikesha usiku kucha, akaipeleka asubuhi, na yule wakili mkubwa wa pale, mwanamke, kaisoma mbele ya watu, kaijaza wino mwekundu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kisha kamrudishia na kumwambia hii si hati ya kiapo hii ni insha ya shule, nani kayaona haya yote uloandika hapa?

Na mimi kilichonipanda kwanza ni hasira. Mimi ni karani wa wakili, nimezeekea kwenye mafaili, ofisi za Nkrumah Road nazijua na watu wengi humo nawajua, na nilikuwa nishaanza kutafuta namba ya mtu wa kumpigia ili huyo mama aambiwe mtoto wa watu haambiwi hivo. Hii damu ndugu zangu ina nguvu. Usiku mzima nageuka kitandani.

Halafu Ijumaa ikafika, nikakaa na Suratul Kahf kama kawaida yetu, na nlipofika aya ya 60 nikasimama hapo hapo, sikuendelea mpaka nikasikia adhana.

Kisa cha Musa na Khidhr sote twakijua, tumesomeshwa chuoni tukiwa wadogo, jahazi, kijana, na ukuta. Lakini nataka tuangalie kilianza vipi, maana kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari imekuja kwamba Nabii Musa alisimama kuwahutubia Bani Israil akaulizwa ni nani mwenye elimu zaidi katika watu, akasema mimi. Basi. Hakutukana mtu, hakusema uongo wa makusudi, na ni Mtume aliyesemeshwa na Mola wake, nani angembishia? Lakini Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa sababu hakuirudisha elimu kwake Yeye, akaambiwa kuna mja wangu pale zinapokutana bahari mbili, huyo anajua zaidi yako, ndiye Khidhr. Sasa hebu jiweke wewe hapo. Umesimama mbele ya umati, wewe ndo mkubwa wao, halafu unaambiwa kuna mtu huko pwani hata jina lake hulijui anakuzidi. Mimi na wewe tungeuliza "anajua nini huyo?" Tungeuliza amesoma wapi. Musa alayhi salam alichouliza ni: ewe Mola wangu, nitamfikia vipi?

Aliuliza njia, akabeba samaki wake kwenye kikapu akaondoka na kijana wake, akatembea mpaka akasema safari hii imetuchosha, na alipomkuta yule mja hakujitambulisha kwa vyeo, alimuomba: je, nikufuate ili unifunze katika ule uongofu uliofunzwa wewe? Nabii mzima anaomba kufuata. Na jibu alopewa halikuwa tamu, aliambiwa wewe hutaweza kuvumilia kuwa pamoja nami. Yaani hata kabla kazi haijaanza ashaambiwa hutoweza! Vijana wetu wa siku hizi hapo mtu ashafungua simu ashaweka status, "wengine wanajiona miungu", na kiemoji cha jicho pembeni. Musa akasema inshaallah utanikuta mvumilivu. Akakubaliwa kwa sharti moja, asiulize kitu mpaka aelezwe.

Na hapa ndipo nnapotaka tukae.

Mara ya kwanza jahazi likatobolewa, Musa akasema. Mara ya pili kijana akauawa, akasema. Mara ya tatu ukuta ukasimamishwa bila malipo, akasema, na hapo akaambiwa huku ndiko kufarikiana baina yangu na wewe, nitakueleza maana ya yale ulokuwa hukuyaweza kuyavumilia. Somo likaisha. Na Mtume wetu swallallahu alayhi wasallam alipokuwa akikihadithia kisa hiki alisema Mwenyezi Mungu amrehemu Musa, tungependa lau angesubiri ili tusimuliwe zaidi habari zao. Ewe ndugu yangu, hili neno lanitikisa kila nikilipita. Mtume anatamani somo lingekuwa refu! Kuna mambo ambayo Khidhr angeyafundisha na sisi leo tungekuwa twayasoma kila Ijumaa, na hatunayo, kwa sababu mwanafunzi alisema mapema. Na huyo ni Musa, na alikuwa na sababu zake nzito, anaona roho ya mtu inatoka. Sisi tunaojikatizia masomo kwa sababu ya wino mwekundu tutasemaje?

Nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu kwenye hii kazi. Nimewaona wengi wakija, wa atachimenti wa miezi mitatu, na wale wa pyupileji, yaani mafunzo ya uwakili chini ya wakili mzoefu, wa miezi sita baada ya kupita kule Kenya School of Law, wanakuja na suti mpya na viatu vinavyolia. Wakili akimrudishia kazi, wako wanaoanza na "lakini". Lakini faili haikuwa kamili. Lakini karani hakuniambia (karani ndo mimi hapo). Lakini chuoni tulifundishwa hivi. Na mara ya kwanza wakili atambishia, mara ya pili atambishia kidogo, mara ya tatu atasema "sawa, wacha tu, nitaimaliza mwenyewe." Na kijana anatoka pale anafurahi, anaona leo sikufokewa. Masikini hajui kwamba huko ndiko kufarikiana. Kuanzia siku hiyo atapewa kutoa fotokopi, kupeleka bahasha masjala, kushika zamu ya simu, na hakuna atakayemkosoa tena kwa neno moja, atachekewa, ataulizwa umekula, na siku ya kuondoka atapewa barua nzuri. Hana kitu. Ameondoka kama alivyokuja. Ndugu zangu mkubwa anayekukemea bado ana tamaa na wewe, huyo bado yuko na wewe kwenye jahazi, muogope yule alonyamaza!

Na tena tuseme kweli, aliyoambiwa mpwa wangu yalikuwa ya kazi. Kwa wasiojua, hati ya kiapo mtu anaapa mbele ya kamishna wa viapo, na sheria yetu inataka aandike yale anayoyajua yeye mwenyewe, na pale inaporuhusiwa kuandika alichoambiwa basi aseme kaambiwa na nani. Sasa ukimwandikia klayenti mambo ya jirani na ya mjumbe wa mtaa kana kwamba kayaona yeye, wakili wa upande wa pili anangojea hapo hapo. Anamsimamisha yule mzee kizimbani anamuuliza swali moja tu, wewe uliyaona haya? Mzee anababaika, kesi inakwenda. Sasa rudi kwenye aya. Khidhr alilitoboa jahazi la masikini wafanyao kazi baharini kwa sababu mbele kulikuwa na mfalme anayechukua kila jahazi zima kwa nguvu. Yule mama na wino wake alikuwa anatoboa kabla ya mfalme kufika. Kuulizwa "nani kayaona haya" mezani ofisini kunauma, lakini kuulizwa na jaji kunauma zaidi, na anayeumia hapo si wewe peke yako ni klayenti aliyeuza ng'ombe akulipe.

Na siku nazo. Rufaa ya kesi ya madai kutoka mahakama ya chini kwenda mahakama kuu ni siku 30, kesi ya fidia ya ajali ya barabarani ni miaka 3, siku ikipita ndo umeanza kuombaomba ruhusa na pengine usipewe. Watu wanaoishi na kalenda ya namna hiyo sauti zao zinakuwa kali, siwatetei, nawaeleza tu.

Kwa hivyo Ijumaa baada ya alasiri nikamwita mpwa wangu, nikamwambia: mamangu, hasira yako mimi naielewa na mimi nilikuwa nayo zaidi yako. Lakini Jumatatu rudi. Chukua ile drafti, maneno yote ya wino mwekundu yaandike upya kwenye daftari lako, yale ya kazi tu, yale ya insha ya shule yawache huko huko kwake. Andika hati upya kabla hujaambiwa. Kisha ingia kwake wakati hana mtu, usianze na lakini, muulize hii aya ya tano ya hati ungekuwa wewe ungeiandika vipi? Hilo ndilo "nitamfikia vipi" la Nabii Musa, ndugu zangu. Hajanijibu kama atakwenda. Amesema tu "haya mjomba", na mnawajua watoto wa siku hizi, haya yao ina maana nyingi. Muombeeni.

Sayyidna Umar radhiyallahu anhu imepokewa kwake kwamba alikuwa akisema Mwenyezi Mungu amrehemu mtu anayenizawadia aibu zangu. Anazawadiwa! Khalifa. Sisi tukizawadiwa twarudisha.

Sasa wakubwa, musidhani mumepona. Nyinyi mawakili, walimu, mafundi, mameneja, akina mama wenye wasichana wa kazi nyumbani. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 na anatwambia hakuwahi kumwambia hata "ah!", wala kwa alilolifanya kwa nini umelifanya. Miaka kumi, na alianza akiwa mtoto, na watoto mnawajua. Wewe miezi mitatu tu ushamliza mtoto wa watu mbele ya klayenti na mpika chai. Na Qur'ani imemwambia Mtume mwenyewe kwamba lau ungekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangelikukimbia. Sisi wa pwani twajiita watu wa madhehebu ya Shafi, basi zile beti zinazonasibishwa kwa Imam Shafi anamuomba mwenye kumnasihi amnasihi faraghani, kwani nasaha mbele ya watu ni aina ya kuaibisha. Funga mlango. Mwambie yote, mwambie kwa ukali ukitaka, lakini funga mlango!

Kuna mmoja ataniuliza, je huyo mkubwa akikosea? Nami nasema bosi wako si Khidhr. Khidhr alisema mwisho wa kisa, wala mimi sikuyafanya hayo kwa amri yangu, na hakuna wakili wa Mombasa mwenye wahyi. Akikosea kwenye kazi muoneshe kwa adabu, leta kifungu, leta hukumu, wengine watakushukuru. Lakini kukosolewa ni kitu na kuamrishwa dhambi ni kitu chengine. Akikwambia rudisha tarehe nyuma kwenye hati ya kiapo, na sheria inataka mahali na tarehe ya kuapa viandikwe kwa ukweli, ama umtie mtu sahihi ambayo hakuitia, hapo usifuate wala usisubiri maana ya baadaye. Suratun Nisaa aya ya 135 iko wazi, simamisheni uadilifu, mutoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni juu ya nafsi zenu. Inuka uondoke, rizki iko kwa Mola.

Basi wiki hii tusome Kahf aya ya 60 mpaka 82, pole pole, na mwenye kijana yuko atachimenti ama yuko mwezi wake wa kwanza kazini amkalishe asome naye. Ya Ayyub tutarudi inshaallah Ijumaa ijayo, na atakayenisahihisha kwa hili nililoandika aniandikie inboksi.