Dawa juu ya kabati

Kwa muda wa miezi minane mimi na ndugu zangu tuliamini kwamba mama yetu anasahau kunywa dawa zake za presha. Kila alipokwenda kliniki, vidonge vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko ilivyotakiwa, na vipimo vyake vilipanda na kushuka. Kaka yangu alimnunulia simu yenye kengele ya kumkumbusha. Dada yangu akajiwekea zamu ya kumpigia kila siku saa mbili usiku. Nami nikamtumia kutoka Dar es Salaam kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma. Mama alitushukuru sote, na vidonge vikaendelea kubaki.

Nilipokwenda Tanga kwa likizo, niliazimia kutomshauri chochote kwa siku tatu za mwanzo, bali kukaa naye na kutazama jioni yake inavyokwenda. Usiku wa kwanza kengele ya simu ililia saa mbili kamili. Mama aliizima, akainua macho juu ya kabati la vyombo, kisha akauliza kama mjukuu wake mkubwa amesharudi. Alikuwa bado. Dawa zilikuwa juu ya kabati hilo, ndani ya kile kisanduku changu, kwa sababu nyumbani yupo mjukuu mwingine wa miaka mitatu ambaye kila anachokiokota hukitia kinywani. Kuzifikia kulihitaji kupanda stuli, na goti la mama halimruhusu tena kupanda stuli, kwa hiyo alikuwa akimngoja kijana arudi, na kijana akichelewa, usingizi ulimchukua mama kabla ya dawa.

“Mbona hukutuambia, mama?”

“Mlikuwa mnaniuliza kama nimekunywa, mwanangu. Zimewekwa wapi, hamkuniuliza.”

Neno hilo lilinifundisha zaidi ya yote niliyokuwa nimesoma kuhusu mbinu ambayo kwa Kiswahili naiita fikra za usanifu, yaani kulikabili tatizo la maisha kama msanifu anavyolikabili umbo la kiti au la kikombe, akianza na mtu atakayekitumia. Mbinu hii ilienezwa sana na IDEO, kampuni ya usanifu iliyoanzishwa California mwaka 1991, pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford, ambako David Kelley, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alishiriki kuanzisha taasisi ya kuifundisha. Kwa kawaida hutajwa hatua tano: kumwelewa mwenye tatizo, kulitaja tatizo lenyewe kwa usahihi, kutoa mawazo mengi, kutengeneza sampuli ya haraka, na kuijaribu. Ninaamini kwa dhati kwamba mbili za kwanza ndizo zinazobeba nyingine zote, na ndizo tunazozipita mbio, hasa tunaposhughulikia matatizo ya watu tunaowapenda, kwa kuwa tunadhani tumeshawajua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mimi nilikuwa nikikipulizia dawa kitanda cha mama kutoka mji mwingine.

Tazama jinsi tulivyolitaja tatizo. Tuliposema “mama anasahau,” tulikuwa tumeshachagua na tiba yake, kwa maana anayesahau hukumbushwa, na ndiyo maana watoto watatu tulileta aina tatu za ukumbusho. Usiku ule niliandika sentensi nyingine nyuma ya kalenda: mama anahitaji mahali pa kuweka dawa ambapo yeye atapafikia akiwa amesimama chini, na mtoto wa miaka mitatu hatapafikia. Chini ya sentensi hiyo mimi, mama na yule kijana tuliorodhesha mawazo kumi na moja, yakiwemo ya ovyo, bila kubezana.

Sampuli ya kwanza haikugharimu hata shilingi. Tulichukua kopo tupu la kahawa, tukalitoboa, tukalitia kamba na kulitundika sebuleni kwenye msumari uliokuwa usawa wa bega la mama. Mama alilifikia bila shida, ila kifuniko kilimshinda. Vidole vyake vina baridi yabisi, na nilimwona akikibandua kwa mpini wa kijiko huku amekaza meno. Hapo nilimkumbuka Sam Farber, mfanyabiashara wa Marekani ambaye alimwona mkewe Betsey, aliyekuwa na maradhi ya viungo vya mikono, akitaabika kushika kifaa cha kumenyea. Kutokana na taabu hiyo vilizaliwa vyombo vya jikoni vya OXO, vilivyoingia sokoni mwaka 1990 vikiwa na mipini minene, laini, isiyoteleza, ambayo hata wenye mikono mizima waliipenda.

Sampuli ya pili ilikuwa mfuko wenye mdomo mpana, ambao mama aliushona mwenyewe kwa kanga kuukuu. Tuliujaribu kwa mtoto pia, tukiwa tumetia ndani biskuti mbili badala ya dawa. Aliruka mara kadhaa, akashindwa, kisha akaenda kuvuta kiti cha plastiki. Nilifurahi kuliona hilo likitokea kwa biskuti. Mfuko ukahamia chumbani kwa mama, mahali ambapo hapana kiti na mlango hufungwa mchana, na yeye ndiye aliyechagua msumari: ule anaotundikia kanga yake ya kuswalia, kwa sababu baada ya Isha mkono wake hurudi hapo kila usiku.

Jaribio hufaa pale tu mwenye kulifanya anapokuwa tayari kuambiwa kwamba amekosea swali. M-Pesa, ilipokuwa ikijaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliofuatilia jaribio hilo wakaona watu wakiitumia kwa mambo ambayo hawakuelekezwa: mmoja anaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa afikapo, mwingine anamlipa mwenzake kwa kazi aliyomfanyia. Wangeweza kuwarudisha watumiaji kwenye mikopo. Badala yake waliwafuata, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha nyumbani. Mfano huu naupenda kuliko mingi ya ng’ambo, kwa sababu walioionyesha huduma ile njia yake ni watu wa kawaida.

Dada yangu bado hupiga simu saa mbili usiku, lakini siku hizi huzungumza na mama mambo mengine. Juma lililopita mama alinieleza kwamba ameshona mfuko wa pili, mdogo, wa safari, kwa kuwa kule Korogwe kwa dada hakuna msumari karibu na kitanda. Ameutia kamba ya kufungia kwenye nguzo ya chandarua. Kamba ya kwanza ilikuwa fupi, akaifumua.