Gigabaiti 51 za faili za kumbukumbu na sloti moja iliyosahaulika

Ijumaa, saa kumi jioni, simu kutoka uhasibu: "Kaka, mfumo umegoma." Kabla sijajibu, ya pili ikaita. Nikaingia kwenye seva, nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Diski ya gigabaiti 80 imejaa pomoni. PostgreSQL, kanzidata yetu, ilishajizima yenyewe, haina hata pa kuandikia.

Amri ya du, inayopima ukubwa wa folda, ikamtaja mlaji: folda ya pg_wal, gigabaiti 51. Faili zaidi ya 3,000, kila moja megabaiti 16. Nakiri vidole vilishaandika rm, amri ya kufuta. Kilichonizuia ni kukumbuka kwamba folda hiyo zamani iliitwa pg_xlog; toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha jina kwa sababu watu waliona "log" (kumbukumbu) wakadhani ni takataka, wakafuta. Kumbe humo ndimo kila badiliko huandikwa kabla ya kufika kwenye majedwali. Ukizifuta kwa mkono, kanzidata inaweza isiamke tena.

Nikatafuta nafasi pengine. Kulikuwa na bakapu ya zamani ya gigabaiti 6 kwenye diski hiyohiyo (ndiyo, najua, bakapu haikai hapo). Nikaihamishia mashine nyingine, nikaiwasha PostgreSQL, ikaamka taratibu. Dakika kama nne hivi. Sikuthubutu hata kunywa maji.

Sasa, kwa nini faili hazikufutika? Kwa kawaida zikishamaliza kazi huondolewa zenyewe. Nikachungulia pg_replication_slots, orodha ya sloti: sloti moja, safu ya active imeandikwa "f", yaani hakuna anayeitumia. Sloti ni kama ahadi: kanzidata inaitunzia seva ya nakala (inayonakili data yake) kila faili mpaka ije kuichukua. Seva hiyo, ya ripoti, tuliizima miezi mitatu nyuma. Ahadi ikabaki.

Nikaiondoa kwa pg_drop_replication_slot, nikapiga CHECKPOINT (amri ya kumalizia kuandika mabadiliko kwenye majedwali ili faili za zamani ziondolewe), diski ikashuka hadi asilimia 31.

Kisha nikaiwekea max_slot_wal_keep_size, yaani kiasi cha faili hizo ambacho sloti inaweza kushikilia, kikomo cha 10GB. Mpangilio huu upo tangu toleo la 13, ila usipougusa unabaki -1, yaani bila kikomo. Nakala ikichelewa kupita hapo itaachwa njiani, itabidi ijengwe upya. Afadhali hiyo kuliko uhasibu kupiga simu siku ya mishahara.

Jumatatu bosi akauliza ni nani aliyeiacha sloti ile. Jina lake lilikuwa ripoti_ya_muda, na aliyeliandika ni mimi.