Kipimajua cha LED, Ujiji: mstari umenyooka

Mstari umenyooka. Nukta 14 za Jumanne asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 5, zimelala kama kamba ya mwashi kwenye grafu ya Langley, ile inayolinganisha logi ya usomaji wa kifaa na unene wa hewa ambao mwanga wa jua umepita. Nimezikodolea macho hadi chai ikapoa. Wiki tatu nzima grafu hii imeninyima usingizi.

Kifaa changu cha kupima moshi hewani kwa mwanga wa jua ni kilekile nilichokwisha kukieleza: LED (taa ndogo ya kielektroniki) ya kijani inayopokea mwanga badala ya kuutoa, kwa njia aliyoieleza Forrest Mims mwaka 1992, IC ya kukuza umeme, bomba la plastiki la nusu inchi na multimeta. Mchoro siurudii.

Shida ilikuwa hivi. Asubuhi nukta zilipinda kushuka kila jua lilipokuwa chini, na nikilazimisha mstari upite, kina optiki cha anga, yaani kipimo cha jinsi hewa inavyozuia mwanga, kinatoka 1.2. Ni kiangazi, nyasi zinachomwa kila upande, lakini kwa 1.2 nisingeiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na nilikuwa naiona! Alasiri ya siku hiyohiyo, kifaa hichohicho, kinatoka 0.09. Sasa, hewa tupu isiyo na chembe ya moshi wala vumbi, kwa mwinuko wetu wa mita 770 na kitu, peke yake hutawanya mwanga wa kijani kwa kama 0.1. Ukiitoa, unabaki na moshi ulio chini ya sifuri. Moshi wa namna hiyo haupo.

Nikaanza na LED. Nilidhani ni joto, nikaifunga kwa sponji. Nikabadilisha LED tatu kutoka maduka mawili. Nikachomelea upya kila kiungo. Nikabadilisha multimeta pia, na hapo nina neno: ile inayojichagulia kipimo yenyewe haifai kwa kazi hii. Inaporuka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine inakula sekunde mbili tatu, na mkono umeshateleza nje ya jua. Chukua ya kuzungusha kwa mkono, hata ikiwa ya bei ndogo.

Kisha nikalisingizia ziwa. Asubuhi upepo wa nchi kavu unaleta moshi kutoka vilimani, mchana upepo wa ziwa unaurudisha. Niliandika kurasa mbili za daftari kuhusu nadharia hiyo na niliipenda kweli. Lakini upepo wowote ule hauwezi kuleta moshi chini ya sifuri.

Alhamisi nilikuwa kwenye simu na dada yangu aliyeko Dar. Adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani.

"Ndiyo kwanza mnaadhini huko? Sisi tumeshaswali zamani."

"Kwetu ndivyo ilivyo, dada," nikamjibu, na mazungumzo yakaendelea. Halafu nikanyamaza. Ilikuwa saa 7 na dakika 10. Adhuhuri huingia jua likishapinduka. Programu yangu ya kukokotoa mahali jua lilipo ilikuwa inalipindua saa 6 kamili.

Saa za Tanzania nzima zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao uko baharini, nje kabisa ya nchi. Sisi tuko 29.7. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa dakika 61, na Julai linachelewa nyingine kama 6. Saa 2 asubuhi programu ilihesabu unene wa hewa 2.3 (1 ni jua likiwa utosini) wakati kweli ulipita 5. Saa 3, ilisema 1.6, kumbe ni 2.4. Alasiri kosa linageuka: saa 11 ilisema 4.8, kumbe ni 2.2. Ndiyo maana grafu moja ilikuwa inazama na nyingine inalala.

Sikuridhika na hesabu tupu. Ijumaa nilisimika kijiti uani nikafuata kivuli chake, kinachoangukia kusini miezi hii. Kilikuwa kifupi kabisa kati ya saa 7 na dakika 5 na dakika 10.

Hakuna kipimo hata kimoja kilichoharibika. Daftari lote nimelihesabu upya: Jumanne asubuhi 0.33, alasiri 0.31. Toa hewa tupu, erosoli (chembe za moshi na vumbi hewani) ni 0.2 na kidogo. Siku nyingine bado zinapinda, na hizo naziamini, kwa sababu moshi wenyewe unabadilika kati ya saa 2 na saa 5. Vifaa vikubwa vimesawazishwa kwa miaka mingi Mauna Loa, kule Hawaii, juu mlimani ambako hewa imetulia. Hapa nitachukua tu siku ambazo asubuhi na alasiri zinakubaliana.

Hatua iliyofuata ilikuwa LED nyekundu, ili kwa kipeo cha Ångström, namba inayoonyesha jinsi kina optiki kinavyobadilika kati ya rangi mbili, nitenganishe moshi na vumbi la barabara. Nimeshainunua, imo kwenye droo. Lakini ile milima ya Kongo hainitoki kichwani. Iko kilomita 50 hivi, ni vivuli vyeusi mbele ya anga, na kadiri inavyofifia ndivyo hewa juu ya ziwa inavyojieleza kuhusu moshi wake. Leo saa 3 nimefunga simu kwenye nguzo ya uzio, ikitazama magharibi, na nimepiga picha ya kwanza.