Dakika Moja, Kurasa 16

Nina kiwanda kidogo cha uchapaji, na kila Jumanne asubuhi naziacha mashine zimelala nakwenda kwenye mkutano wa wafanyabiashara wenzangu. Utaratibu wetu hauna makuu: kila mmoja ana dakika moja ya kusema anauza nini na anatafuta mteja wa aina gani, kisha tunapeana kadi na kuelekezana wateja. Sijifanyi mtakatifu, nilijiunga kutafuta kazi. Stakabadhi, mabango, kadi za mwaliko, chochote kinachohitaji wino.

Habari ya watoto kusoma aliileta mwalimu wa darasa la pili, mgeni wa mwenzetu mmoja. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi siuzi kitu. Nina wanafunzi wanaotamka kila neno ukurasani, lakini ukiwauliza wamesoma nini, wanakukodolea macho." Akakaa. Kati ya sekunde 60 zake alitumia kama 15 hivi.

Basi, wafanyabiashara tukiguswa, tunakurupuka. Tukaamua kukusanya vitabu. Baada ya wiki mbili stoo yangu ilikuwa na katoni 11, na nikafungua moja nione neema yenyewe: shajara za mwaka uliopita, mwongozo wa kodi, katalogi ya vipuri vya magari, kitabu cha sheria ya mikataba kisicho na jalada. Mwalimu alipokuja aliishika ile katalogi, akapekua kurasa mbili tatu, akairudisha taratibu kana kwamba kuna mtu amelala humo ndani. "Asanteni," akasema. Hiyo asanteni ilinichoma kuliko angetukana.

Ndipo akatueleza vizuri. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka hata neno asilolijua. Sisi wazazi tunasikia ba-be-bi-bo-bu zinatiririka, tunapiga makofi. Kumbe akikutana na neno kama "walipomtembelea" anahangaika nalo silabi kwa silabi, na akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Anachohitaji ni herufi kubwa, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, picha inayosaidia kueleza, na maneno ambayo tayari anayatumia kwa mdomo. Na kitabu hicho akirudie, hata mara kumi, mpaka ulimi uzoee na akili ipate nafasi ya kuwaza.

Hapo nikaona pa kuingilia. Karatasi moja kubwa ukiikunja mara tatu unapata majani 8, yaani kurasa 16. Kabla hujaikunja inachekesha: ukurasa wa 1 uko ubavuni mwa wa 16, na wa 8 umesimama kichwa chini. Unakunja, unapiga pini mbili kwenye mgongo, unakata kingo, una kitabu mkononi. Na karatasi ninazo. Kila kazi naongeza karatasi za tahadhari, maana za mwanzo huharibika nikirekebisha rangi, na mara nyingi hubaki safi nyingi tu ambazo mwisho wake ni kukusanya vumbi. Hadithi aliandika mwalimu mwenyewe: babu anatafuta kofia yake nyumba nzima.

Wengine nao wakatafuta walichonacho. Mwenye gari la mizigo anapita karibu na shule hata hivyo, akabeba. Mwenye duka la miwani aliuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: hao watoto wanaona ubaoni? Akaenda kuwapima macho, na wapo walioambiwa wazito wa kusoma, kumbe hawaoni.

Ila niliyemvulia kofia ni kinyozi. Mjini New York, Alvin Irby, mwalimu wa zamani, alianzisha mpango wa kuweka vitabu vya watoto kwenye vibanda vya vinyozi baada ya kumwona mwanafunzi wake amekaa kwa kinyozi hana la kufanya. Kinyozi wetu hakuwa amemsikia, alijiwekea kikapu kwenye benchi la kusubiria. Mtoto anasoma akingoja zamu. Akipanda kitini anaulizwa, "Ehe, babu akafanyaje?" Mashine inasimama hewani mpaka jibu litoke. Mwalimu aliposimuliwa alicheka, akasema mtihani wa ufahamu ndio huo.

Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba tumegeuka chama cha misaada. Nikamwambia Kiwanis, ile klabu ya kujitolea, ilianza Detroit, Marekani, mwaka 1915 kwa nia ya wanachama kupeana biashara, wakabishana humo kwa humo, na kufika 1919 walikuwa wamechagua huduma kwa jamii. Leo wanajulikana kwa kazi za watoto. Akanijibu, "Ndiyo hofu yangu." Na kusema kweli ana hoja. Nisipopata oda, hata hizo karatasi za kubaki sitakuwa nazo.

Tuligombana pia kuhusu tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1966. Mwenyekiti alitaka fulana na bango refu, tupige picha na watoto. Nilipinga kwa nguvu zote, nikisema hela hiyo iende kwenye hadithi ya pili. Nikashindwa. Bango nikalichapa mimi, nikalipwa. Hadithi ya pili bado inasubiri mchoraji.

Wiki iliyopita kinyozi alinipigia. "Dada, kile cha kofia kimenyofoka ukurasa wa mwisho. Kuna kijana hapa hataki kunyolewa mpaka ajue kofia ilikuwa wapi." Nikajua na wa kwanza umelegea, maana ukurasa wa 1 na wa 16 ni karatasi moja, wa mwisho ukienda wa mwanzo unaufuata. Nimeshatenga karatasi 40. Safari hii napiga pini tatu.