Filamu Iliyoizamisha Meli Yetu

Juma lililopita nilimwalika mjomba wangu nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, tutazame pamoja filamu ya zamani ambayo wageni wengi huitaja wakifika bandarini na kuiona MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, na ndiyo iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Mjomba alifanya kazi katika Liemba kwa miaka mingi, nami nilitaka kusikia atasema nini.

Kisa chenyewe ni cha Vita Kuu ya Kwanza. Rose, dada wa mmisionari, na Charlie, fundi mpenda ulevi, wanateremka mto kwa mashua mbovu ya mvuke ili wakailipue meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. C. S. Forester, aliyeandika riwaya yake mwaka 1935, aliipata meli hiyo kutokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba.

Filamu ni nzuri, na sitaki mtu adhani naidharau. Kuna mahali mashua inakwama katika matete, Charlie anaingia majini kuivuta kwa kamba, anapopanda tena mwili wote umegandwa na ruba. Rose anamsaidia kuwabandua kwa chumvi, naye anatetemeka kwa kinyaa. Kisha wote wawili wanatambua kwamba hakuna njia nyingine ila arudi mle mle majini. Hasemi kitu, anashuka. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mtumbwi kwenye matete ya Malagarasi atauelewa uso ule bila kutafsiriwa, na kwangu mimi tukio hilo peke yake linatosha kuifanya filamu istahili kutazamwa.

Ninachokikataa ni mwisho. Meli inagonga mabomu ya Charlie, inalipuka na kuzama, na wapenzi wale wanaogelea huku wakiimba. Habari ya kweli ina uzito kuliko huo mlipuko. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa kwetu, ambako iliunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipolazimika kukimbia, waliizamisha wao wenyewe. Kabla ya kufanya hivyo, mafundi walizipaka mashine grisi nzito ili maji yasizile. Hebu fikiria mtu anayeipaka mafuta, kwa mikono yake na kwa uangalifu, mashine ambayo muda si mrefu ataipeleka chini ya maji, kwa kuwa bado ana tumaini kwamba ipo siku itaibuka. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sijui kwa nini hakuna mtengenezaji wa filamu wa hapa nchini aliyelishika jambo hilo, ilhali kila kitu kinachohitajika kipo: ziwa, reli, na meli yenyewe.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Waafrika tunawaona kanisani mwanzoni, kijiji chao kinachomwa, baadaye tunaona askari wachache, basi. Ziwa la filamu halina mvuvi wala mtumbwi wa dagaa. Upigaji picha ulifanyika Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studioni London, lakini hata huko kulikuwa na watu.

Meli ilipolipuka mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hiyo siyo yetu. Yetu ina mlango wa ubavuni." Akanieleza Lagosa, kijiji cha kando ya ziwa, usiku: honi inalia, mitumbwi inatoka gizani na kuizunguka meli, na pale mlangoni mama anampokeza baharia mtoto kwanza, halafu magunia, halafu anapanda mwenyewe wakati wimbi linapoinua mtumbwi. "Ukikosea wimbi, unasubiri lingine," alisema, akinionyesha kwa viganja viwili jinsi mtumbwi unavyopanda na kushuka.

Nilimwambia kwamba katika riwaya mwisho ni tofauti: mashua ya wale wawili inapotea bure, na meli inazamishwa na boti za Waingereza. Akaniomba nimsomee. Sasa kila jioni baada ya swala ya magharibi namsomea ukurasa mmoja au miwili, nikitafsiri papo hapo. Jana tulifika pale mto Ulanga unaposemwa kuwa unaelekea ziwani. Alinisimamisha, akasema kwamba Ulanga anaoujua yeye unapeleka maji yake Rufiji, kisha akaniambia niendelee.