Matembele yale niliyanunua kwa Wachina

Jumapili iliyopita Watanzania wenzetu hapa Toronto walikuwa na shughuli ya mtoto. Nikapika matembele ya karanga, sufuria nzima. Watu wakala, wakasifu, wengine wakarudia. Dada mmoja akaniuliza nimeyatoa wapi matembele mabichi namna ile. Nikamwambia ni duka la Wachina kule Scarborough, mashariki mwa jiji hili, na aliyenipeleka ni bibi mwenye nyumba wangu. Akaweka sahani chini. "Kumbe tunalishwa vya Wachina? Wale si wanakula kila kitu?" Watu wakacheka. Nilinyamaza kwa heshima ya wenye shughuli, lakini siku ya tano leo neno lile bado limenikaa kooni.

Huu ni mwaka wangu wa tatu katika chumba cha chini cha familia ya Kichina, watu wa Taishan, mkoa wa Guangdong. Yuko bibi, mwanawe na mkewe, na wajukuu wawili. Miezi ya mwanzo nilinunua chakula kwenye duka kubwa karibu na kituo cha basi. Spinachi iko kwenye kiboksi cha plastiki, dola tano, ukiitia motoni inabaki vijiko viwili. Zigeuze ziwe shilingi, halafu kumbuka fungu la mchicha pale sokoni Kirumba, Mwanza. Samaki ni minofu mitupu, hana kichwa wala mwiba. Mimi mtu wa Mwanza, niliyekua nikiona minofu ya sangara inapanda ndege na sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vyake, ndiyo nije kununua minofu! Siku moja nililipa dola 87 na mifuko miwili haikujaa. Bibi akanikuta jikoni nimeshika risiti. Kiingereza chake ni namba na asante, mimi Kichina sikujua hata neno. Akaisoma ile risiti mpaka chini, akaguna, akavaa koti, akanishika mkono.

Dukani kwao niliona mchicha. Mchicha wenyewe, na mizizi na udongo wake, na mwingine ule wenye wekundu katikati ya jani. Matembele yapo. Magimbi, bamia, karela, filigisi, utumbo, miguu ya kuku. Na kwenye matangi ya kioo, sato wazima wanaogelea. Machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Baadaye mjukuu akanieleza kwamba Wachina wana jina la sato lenye neno Afrika ndani yake. Bibi wa Taishan alikuwa anakula samaki wa kwetu miaka yote, na mimi niliyetoka ziwani nilikuwa nakula minofu iliyoganda kwenye barafu.

Bibi hanunui kwa mazoea. Kila Alhamisi anachukua karatasi za bei za maduka, anapiga duara kwa kalamu nyekundu, kisha anavuta kigari chake cha magurudumu mawili na kwenda mwenyewe. Anafunua mashavu ya samaki, anavunja ncha ya bamia kusikia kama inalia, anachambua tangawizi kipande kwa kipande. Mchele ndio unaonunuliwa kwa gunia, kilo 18. Mboga ni za leo na kesho tu. Jioni sato anaingia kwenye mvuke mzima mzima na kichwa chake, kama dakika kumi, juu tangawizi na kitunguu majani, halafu mafuta ya moto yanamwagwa yanachachatika, na sosi ya soya. Mezani hawamgeuzi samaki. Wanakula upande mmoja, wanatoa mfupa, ndipo wanaendelea na wa chini, kwa sababu kumgeuza samaki ni kupindua chombo majini. Mimi niliyekulia Mwanza ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani mwaka 1996, sikuhitaji kufafanuliwa.

Kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Pale bibi alichomoa nyama ya shavu kwa vijiti vyake akaiweka kwenye bakuli langu. Mpangaji!

Halafu kuna jambo la nguruwe. Mimi ni Msabato, sili, na kwao supu ya mifupa ya nguruwe huchemka saa tatu nzima karibu kila wiki. Nilimweleza mjukuu mara moja tu, kwa woga. Kesho yake nikakuta sufuria mpya imefungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Ni yangu, haingii nguruwe. Siku ya supu huwa anapika mbili, yangu ya kuku. Kodi haikupanda hata senti.

Mnaotaka kuja, sikilizeni. Kabla ya kulipa chumba, ulizeni habari za jiko: mnaruhusiwa kupika saa ngapi, na harufu ya vitunguu itawaudhi wenye nyumba au la? Nimewaona Waafrika wenzetu wanaokaanga samaki usiku madirisha wazi, baridi kali, kwa kuogopa majirani. Nyumba hii hakuna anayeficha chakula chake.

Na walitukanwa kabla yetu. Kanada iliwatoza Wachina waliokuwa wanaingia nchini kodi ya kichwa, ndiyo, jina kama ile ya babu zetu: dola 50 mwaka 1885, ikapanda hadi 500 mwaka 1903, na 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa mpaka 1947. Babu wa marehemu mume wa bibi alilipa hizo 500, akafua nguo za watu, akafa mkewe hajakanyaga nchi hii. Wazungu wa enzi hizo waliwasema Wachina kwamba wanakula panya. Dada yangu, maneno yako ni yale yale, umeyatia Kiswahili tu. Na sisi wa Mwanza tumechekwa vya kutosha kwa mapanki, siwezi kumcheka mtu kwa kilichomkuza.

Niliporudi ile Jumapili bibi alikuwa macho, anachambua maharage. Akamwamsha mjukuu ili aniulize kama watu wamekula. Nikamfunulia sufuria, tupu kabisa. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Habari ya ile sahani sikumwambia.