Seramu Yangu Kwenye Ngozi Yangu

Leo jioni nimelifungua tena daftari la jalada gumu ambalo kwa miezi saba niliandikia kila nilichokula, kila sabuni niliyonawia na kila kitambaa kilichogusa ngozi yangu. Mabaka yalikuwa yakinizukia mchana na usiku, mekundu pembezoni na meupe katikati, yakiwasha kiasi cha kunikosesha usingizi, kisha yakitoweka bila kuacha alama. Nilizoea kulizungushia baka duara kwa kalamu ya wino na kuandika saa kando yake. Zikipita saa tano au sita, baka limekwisha, duara limebaki peke yake juu ya ngozi tupu, na jingine limeshachipuka mahali pengine. Neno nililokuwa nalo kwa jambo hilo lilikuwa moja tu, mzio, na mzio katika akili yangu ulimaanisha kitu cha nje: chavua, vumbi, dawa, chakula. Kila ukurasa wa daftari ni orodha ya washukiwa, na kila mshukiwa nilimwachia huru baada ya wiki mbili kwa kukosa ushahidi.

Mabaka ya namna hii yakirudiarudia kwa zaidi ya wiki sita, madaktari huyaita sugu, na ni nadra sana sababu yake kuwa chakula. Hilo nilielezwa na daktari wa tatu. Wawili waliomtangulia waliniongezea tu vyakula vya kuacha.

Huyo wa tatu alinitoa damu, akaiacha igande, akaizungusha kwenye mashine mpaka yakajitenga juu yake majimaji ya rangi ya manjano iliyofifia, ambayo ndiyo seramu. Kisha akanidunga mahali patatu kwenye kigasha kwa sindano nyembamba iliyoishia ndani ya ngozi yenyewe: pa kwanza akaweka maji ya chumvi, pa pili histamini, kemikali ya mwili inayoleta kuwasha na uvimbe, na pa tatu seramu yangu. Tulisubiri nusu saa. Penye maji ya chumvi hapakutokea kitu. Penye histamini palivimba, kama ilivyotarajiwa. Penye seramu paliwasha kwanza, halafu ngozi ikainuka taratibu na kuwa kivimbe cha mviringo chenye wekundu ukingoni, pacha wa yale niliyokuwa nikiyachorea duara usiku.

“Daktari, hapo si ndipo ulipoweka damu yangu mwenyewe?”

“Ndipo, dada. Lakini kipimo hiki peke yake hakithibitishi ugonjwa, kinatuonyesha tu upande wa kutazama.”

Maelezo yake nimekuwa nikiyarudia kichwani tangu siku ile. Katika mzio wa kawaida, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina ya IgE dhidi ya kitu kisicho na madhara, tuseme chavua, na kingamwili hizo huenda kukaa juu ya seli ziitwazo masti, ambazo zimejaa histamini. Chavua ikija na kuziunganisha IgE mbili zilizo jirani, seli humwaga histamini, na hapo ndipo kuwasha, kuvimba na kupiga chafya kunapoanzia. Kwa baadhi ya watu wenye mabaka sugu, chavua haihitajiki kabisa. Mwili umetengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG, zinazoshika IgE yenyewe au kipokezi chake na kuifyatua seli bila kungoja kitu cha nje. Au umetengeneza IgE inayolenga protini za mwili wenyewe, mojawapo ikiwa kimeng’enya cha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Silaha ni ileile ya mzio, ila inayolengwa ni nyumba yenyewe.

Kwa sababu hiyo daktari aliagiza nipimwe thairoidi, kwani kingamwili dhidi ya tezi hiyo huonekana kwa wenye mabaka sugu mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Majibu yalirudi kingamwili ziko juu, na TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo kufanya kazi, imeanza kupanda, dalili kwamba tezi inazidiwa. Huo ni ugonjwa aliouelezea daktari Mjapani, Hashimoto, mwaka 1912, na ni miongoni mwa magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili inaoulinda. Ndugu zangu wote, bila kukubaliana, waliniambia kikulacho ki nguoni mwako, na kufikia mtu wa nne nilikuwa sitaki tena kuisikia methali hiyo, ingawa sikuweza kuikanusha.

Nimekuwa nikisoma usiku, na lililonishangaza ni jinsi mawazo haya mawili, la mzio na la mwili kujishambulia, yalivyozaliwa karibu karibu. Mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kwamba mwili una hofu ya kujitia sumu na hauwezi kuziacha silaha zake zijigeukie. Mwaka 1904 madaktari Donath na Landsteiner, wakiwa Vienna, walieleza ugonjwa ambao mgonjwa akipatwa na baridi, kingamwili zake mwenyewe hupasua chembe zake nyekundu za damu. Miaka miwili baadaye, mjini humo humo, daktari Clemens von Pirquet alibuni neno ambalo sisi tumelifanya aleji, akiwa na maana ya mwitikio uliobadilika, uwe wa kulinda au wa kudhuru. Neno hilo lilianza na uwanja mpana kuliko tulioliachia. Baadaye likafinywa likabaki kwa chavua na vumbi, magonjwa yale mengine yakapewa kliniki zake na madaktari wake, na mgonjwa kama mimi akawa anabeba bahasha ya majibu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Kwa muda wataalamu wengi waliamini kwamba mambo haya mawili hayakai pamoja. Mwaka 1986 watafiti Mosmann na Coffman walionyesha, kwa seli za panya, kwamba seli saidizi za kinga ziko za aina mbili, na wengi wakazifikiria kama pembea: upande mmoja ukipanda huleta mzio, mwingine ukipanda huleta ugonjwa wa kujishambulia, na kila mmoja humkandamiza mwenzake. Ni picha nzuri, lakini haikutosha, kwa kuwa katika nchi tajiri magonjwa ya pande zote mbili yaliongezeka pamoja katika nusu ya pili ya karne ya 20. Pembea haiwezi kupanda pande zote kwa wakati mmoja.

Jibu linaloniridhisha zaidi limetoka kwa watoto wachache sana wanaozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo FOXP3, iliyotambuliwa mwaka 2001. Watoto hao hupata ukurutu, mzio wa vyakula na IgE iliyopanda mno, na papo hapo hupata kisukari cha aina ya kwanza, kuharisha kusikokoma na, wengine, ugonjwa wa thairoidi. Wanachokikosa ni seli za kudhibiti, zile ambazo Shimon Sakaguchi alizitambua mwaka 1995 na ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za kinga zisivuke mpaka. Mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Breki moja ikikatika, gari huacha njia kulia na kushoto. Tangu nilipoelewa hivyo sina subira na matangazo ya vitu vya kupandisha kinga; yangu imepanda vya kutosha, kinachopungua ni cha kuituliza.

Hata hivyo sitaki kuyachanganya. Mzio haugeuki kuwa ugonjwa wa kujishambulia kama kiluwiluwi kinavyogeuka chura. Mdogo wangu ana pumu ya mzio tangu utotoni, na jana aliniuliza kwa sauti ya chini kama thairoidi nayo inamngoja. Nilimwambia kwamba watu wengi mno wenye mzio huishi bila kuupata ugonjwa wa aina yangu, kwamba kuwa na uhusiano si kuwa sababu, na kwamba kama koo yake inavimba au uchovu wake umebadilika basi apimwe, si kwa sababu ya pumu bali kwa sababu dada yake anao.

Daktari ameniongezea dozi ya dawa ya kuzuia histamini, na kila asubuhi kabla ya kula nameza homoni ya thairoidi, huku akinionya kwamba homoni hiyo ni kwa ajili ya tezi na huenda isiyaguse mabaka. Usiku wa leo nina mabaka mawili, moja chini ya kiwiko na moja gotini. Sikuyachorea duara. TSH itapimwa tena baada ya wiki sita. Tarehe nimeiandika kwenye daftari lile lile, chini ya mshukiwa wa mwisho.